Vijino Viwili vya Kaseti

Igeuze kaseti uutazame mgongo wake, ule ukingo usiopitisha utepe. Kwenye ncha zake mbili kuna vijino vidogo vya plastiki, kimoja cha upande A, kimoja cha upande B. Kijino kikiwepo, redio kaseti hukubali kurekodi. Kikivunjwa, kitufe chekundu hakibonyei tena. Kaseti za kampuni za muziki zilitoka kiwandani bila vijino, ili mnunuzi asikilize tu. Kaseti tupu ziliuzwa navyo, na uamuzi wa kuvivunja ukaachiwa mwenye kaseti. Lakini hata ile ya kampuni haikufungwa moja kwa moja. Ukiziba tundu kwa kipande cha selotepu au karatasi iliyokunjwa, inageuka kuwa tupu, na sauti mpya inakaa juu ya ile ya zamani.

Tundu hilo linastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki mizani na vina. Uhakiki wetu wa muziki una haraka ya kufika kwenye maneno: wimbo unasema nini, unamkosoa nani, unamsifu nani. Chombo kilichoubeba tunakipita kama mpita njia. Nami nasema kwamba kila chombo cha burudani kina uamuzi uliokwisha kufanywa ndani ya umbo lake kuhusu nani atakuwa mchapishaji na nani atabaki msikilizaji. Kampuni inayobuni chombo, kisha ikakijaza nyimbo zake yenyewe, inaandika uamuzi huo mara mbili, na mara nyingine maandishi hayo mawili yanapingana. Mahali pazuri pa kuusoma upinzani huo ni pale ambapo kampuni haikufika kabisa.

Kotile ni mji mdogo kando ya Mto Tana, upande wa Garissa, katika eneo la Ijara, si mbali na Masalani. Ng'ambo ya mto ni kwa Wapokomo na mashamba yao. Upande huu wengi ni wafugaji wanaozungumza Kisomali. Mwaka 1963 ulipokaribia kwisha, Kenya ikiwa na uhuru wa majuma machache tu, eneo zima la Kaskazini Mashariki liliwekwa chini ya hali ya hatari, na sheria zake hazikufutwa hadi 1991. Kampuni za muziki za Nairobi ziliuza kulikokuwa na mabaa, kumbi za dansi na maduka ya santuri. Kwa ramani zao, Kotile haikuwa soko. Na bado katika ukanda huu mzima, kutoka Ijara hadi Mandera na kuvuka mpaka, kaseti ilipata maisha ambayo walioibuni hawakuyawazia.

Mwaka ule ule wa 1963, mwezi Agosti, kampuni ya Philips ya Uholanzi iliionyesha kaseti kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya redio ya Berlin. Wahandisi walioongozwa na Lou Ottens waliibuni katika kiwanda cha Hasselt, Ubelgiji. Utepe wake una upana usiofika milimita 4, na unakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, mwendo wa polepole mno kwa muziki wa kiwango cha juu wa zama zile. Kilichokusudiwa kwanza ni sauti ya mtu anayesema: imla ya ofisini, mahojiano, kumbukumbu. Mashine ilikuwa ndogo, ya betri, ya kubebeka mkononi. Kaseti, basi, ilizaliwa kuwa chombo cha kusemea kabla haijawa chombo cha kusikilizia. Ukilishika jambo hilo, mengi yaliyofuata hayakushangazi.

Philips haikuwa kampuni ya vyombo peke yake. Ilikuwa na lebo zake za muziki, na tangu 1962 ilikuwa imeshirikiana na Deutsche Grammophon, mali ya Siemens ya Ujerumani. Mwaka 1965 ikaanza kuuza Ulaya kaseti zilizokwisha kujazwa muziki. Mwaka 1972 ushirika ule ukapewa jina la PolyGram. Nairobi kulikuwa na tawi, na lebo ya Polydor iliyokuwa chini yake ndiyo iliyotoa Sina Makosa ya Les Wanyika mwaka 1979. Mwaka uliofuata PolyGram ikatoa Jambo Bwana ya Them Mushrooms. Kwa hiyo nyumba moja iliuza wimbo, ikauza redio ya kuunakili wimbo, ikauza na utepe mtupu wa kuibeba nakala. Katika miaka ya 1980 kampuni za santuri za Uingereza ziliendesha kampeni kali dhidi ya watu wanaorekodi nyumbani, nembo yake kaseti juu ya mifupa miwili iliyopishana. Wenye nembo hiyo na wenye viwanda vya kaseti walikuwa ndugu wa baba mmoja. Kijino kilichovunjwa na tundu linalozibika ni alama ya ugomvi huo wa ndani, iliyoganda katika plastiki.

Kabla ya kaseti palikuwa na santuri, na bila kuisoma hatutaona kilichobadilika. Sahani ndogo ya inchi 7 ilibeba dakika chache kila upande. Bendi za Nairobi na Dar es Salaam zilipiga nyimbo ndefu ukumbini, kwa hiyo kampuni ziliukata wimbo: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Maneno yakakaa sehemu ya kwanza, magitaa ya kuchezea yakahamia ya pili, na msikilizaji akajifunza kuinuka katikati ya wimbo kwenda kugeuza sahani. Mpangilio huo wa kuanza kwa kisa na kumalizia kwa kasi tumeuzoea hata tunadhani umetoka kwa mtunzi peke yake. Kwa sehemu kubwa ya miaka ile ulipimwa pia na upana wa sahani.

Sasa iweke gabay kwenye sahani hiyo. Gabay ni utanzu mkuu wa ushairi wa Kisomali: sauti ya mtu mmoja bila ala, mishororo mirefu, hoja inayojengwa hatua kwa hatua, na kanuni moja ngumu. Kila mshororo, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, lazima uwe na neno linaloanza kwa sauti ileile iliyochaguliwa mwanzoni. Ukianza na D, utakwenda na D hadi tamati, hata mishororo ikifika mia. Shairi la namna hii halina mahali pa kukatwa. Halina kibwagizo cha kurudia ili msikilizaji aliyechelewa adake. Anayekosa mwanzo amekosa msingi wa hoja. Dakika nne za sahani zingelivunja. Dakika 30 za upande mmoja wa kaseti ya C60, au 45 za C90, zinalipokea zima, na nafasi inabaki ya jibu.

Na jibu ndilo jambo lenyewe. Ushairi wa Kisomali unapenda mnyororo: mmoja anatunga, wa pili anamjibu kwa sauti ileile ya mwanzo, wa tatu anaingia. Mwaka 1973 palikuwa na mnyororo wa Siinley, ulioshika S. Mwaka 1979 Maxamed Xaashi Dhamac, anayejulikana zaidi kama Gaarriye, akafungua Deelley, ulioshika D, kuupinga ukabila nchini Somalia chini ya utawala wa Rais Siad Barre. Mshairi Hadraawi, aliyekuwa ametoka gerezani mwaka mmoja tu kabla, akaingia, wakafuata washairi wengi. Redio ya serikali isingeutangaza. Ulisafiri kwa kaseti kutoka mkono hadi mkono, na kila aliyetaka kujibu alirekodi lake. Utaona hapo kwamba kijino cha plastiki kimekuwa sehemu ya kanuni za utanzu. Mnyororo unahitaji chombo ambacho msikilizaji anaweza kukigeuza kuwa cha kusemea bila kumwomba mtu ruhusa, na redio kaseti yenye kitufe chekundu ilikuwa chombo hicho, kwa bei ya betri.

Lipo jambo la kiufundi ambalo wahandisi wa Hasselt hawakulipanga na washairi walikuwa nalo tangu zamani. Utepe ni rahisi kuchezewa. Unaweza kurekodi juu ya kipande, ukachomeka maneno, ukaruka mshororo unaokuudhi. Gabay hujilinda: mshororo wa kigeni usioshika sauti ya shairi, au uliokosa mizani, unasikika papo hapo kwa sikio lililolelewa humo. Mjuzi wa mashairi ya Kiswahili analifahamu hilo kwa vina. Ubeti uliochomekwa kwenye utenzi hujitaja wenyewe. Kampuni ilitegemea kijino kuzuia kazi isiharibiwe. Mtunzi alitegemea umbo la lugha, na ulinzi wake ulidumu kuliko ule wa plastiki, kwa sababu haukuzibika kwa selotepu.

Tusome na kava. Kaseti ya PolyGram ilikuja na karatasi iliyochapishwa: picha, jina la bendi, orodha ya nyimbo, namba ya kampuni, onyo la hakimiliki. Kaseti iliyorekodiwa kwenye redio moja kutoka redio nyingine ilikuja na mwandiko wa kalamu, au bila chochote. Kwa mtazamo wa sheria ni kazi isiyo na mwenyewe. Lakini desturi ya wasomaji wa mashairi ya Kisomali, kama walivyoieleza B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis katika kitabu chao cha 1964, inamtaka anayeghani shairi la mwingine amtaje mtunzi na asibadilishe maneno yake. Jina limo ndani ya sauti. Watunzi wa tenzi za pwani nao walifanya karibu hayohayo walipojitaja kwenye beti za mwisho. Hata wanamuziki wa dansi hutajana majina katikati ya magitaa, na sioni majivuno tu hapo. Mtu anayejua kava litapotea huliandika jina lake mahali lisipong'oka. Linganisha na wimbo wa studio unaotegemea karatasi peke yake kumtambulisha mtunzi: nakala ya pili tu, mtunzi amekwisha kutoweka.

Nakala ya nakala ina mvumo. Kila mara utepe unaponakiliwa, mchakacho unaongezeka na sauti ya juu inafifia, hadi nakala ya tano au ya sita inasikika kama inatoka chini ya mchanga. Wapenzi wa muziki wa studio waliuona kuwa uharibifu, na kwa gitaa la Les Wanyika ni uharibifu kweli. Huwezi kupoteza sauti za juu za gitaa lile ukabaki na wimbo. Kwa sauti ya mtu anayeghani, madhara ni madogo zaidi. Konsonanti zinazoshika shairi hubaki zikisikika hata mengine yakififia. Mwendo ule wa polepole uliochaguliwa kwa ajili ya imla ya ofisini ulitosha kabisa kwa gabay, kwa hotuba ya sheikh, kwa visomo vya Kurani, na kwa barua za sauti walizotumiana jamaa waliotawanyika kati ya nyumbani, Ghuba na Ulaya. Aina za maudhui zilizoshamiri kwenye kaseti katika eneo hili ni zilezile ambazo umbo lake lilizipendelea tangu mwanzo. Muziki ulikuwa mgeni ndani yake.

Sitaificha gharama. Uhuru uleule wa kunakili uliwanyima riziki wanamuziki, wa Nairobi, wa Mombasa na wa Mogadishu. Mpiga gitaa aliyetumia miaka kujifunza hakupata senti kwa nakala elfu zilizozunguka, na mshairi naye hakulipwa. Desturi ya kumtaja mtunzi humpa heshima, na heshima hailipi karo. Anayesifu kaseti bila kusema hivyo anasifu nusu ya kitu.

Hata hivyo, tazama kampuni ilijifunza nini. Mwaka 1982 Philips na Sony walipoleta CD, sahani za kwanza zilitengenezwa katika kiwanda cha PolyGram huko Langenhagen, karibu na Hannover. Chombo na maudhui vilitoka nyumba moja tena, na safari hii mnunuzi hakuachiwa kijino wala tundu. CD ya wakati ule haikurekodiwa nyumbani kabisa. Mwaka 1992 Philips ikajaribu kaseti ya kidijitali, DCC, na PolyGram ikaijazia albamu. Humo mliwekwa mfumo ulioruhusu nakala moja na kukataza nakala ya nakala. Isome kanuni hiyo ukiwa Kotile, ambako takriban kila kilichosikilizwa kilikuwa nakala ya nakala, na utaelewa ni nani aliyekuwa akiandikiwa. Watu hawakuinunua DCC, na 1996 Philips ikaiacha. Miaka miwili baadaye ikaiuza PolyGram kwa Seagram ya Kanada.

Leo kampuni inayokaa pande zote mbili hapa kwetu ni ya simu. Mlio wa Skiza, ule wimbo anaousikia anayekupigia wakati simu yako inaita, haukubuniwa na Safaricom. Ulianzia Korea Kusini kwa kampuni ya SK Telecom mwaka 2002. Lakini nchini Kenya Safaricom ndiyo iliyoujengea soko tangu 2009, ikaupa namba yake ya kupiga, *811#, na ada yake ya shilingi 1.50 kwa siku. Kama utanzu, Skiza ni wa ajabu, na uhakiki haujaupa haki yake. Anayelipia hausikii. Anayeusikia hakuuchagua. Wimbo hauna urefu wake wenyewe: unakwisha pale mtu anapopokea, yaani unakatwa na tendo lilelile lililousababisha. Kwa hiyo mtunzi anayeandikia Skiza anaweka kiitikio mwanzoni, hana utangulizi, hana nafasi ya kupandisha. Sekunde 30 hivi, na katika hizo hajui ni ngapi atapewa.

Gabay haingii humo hata kwa nguvu. Unaweza kuweka mishororo mitatu ya kwanza, nayo itakuwa tangazo la hoja isiyofika. Na pa kujibia hapapo. Aliyesikia hawezi kuudaka wimbo, kuubeba, kuurekodia juu yake wala kumpa jirani. Wimbo umo kwenye mitambo ya kampuni, na siku salio likikosa, unaondoka. Ukiisoma Skiza kutoka nyuma kama tulivyoisoma kaseti, hutaona kijino wala tundu. Mgongo wake ni laini.

Wahakiki makini wa umbo hili wamekuwa masheikh. Wengi wao wamekataza aya za Kurani kutumiwa kama mlio wa simu, kwa hoja kwamba anayepokea huikata aya katikati, na maana iliyokatwa inaweza kuwa kinyume cha maana iliyokusudiwa. Hoja hiyo ni ya dini, na pia ni uhakiki wa fani ulio sahihi: inasema kwamba maandishi yana mipaka yake, na chombo kisichoiheshimu mipaka hiyo hakifai kuyabeba. Laiti tungeuliza hivyohivyo kuhusu mashairi.

Mjadala wa umma ulikwenda kwenye fedha, na ulikuwa na sababu. Novemba 2016 Mahakama Kuu ya Malindi ilikitangaza kifungu cha 30A cha Sheria ya Hakimiliki kuwa kinyume cha katiba, katika kesi iliyogusa njia ya kuwalipa wasanii pato la Skiza. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yakaweka mgawo: mwenye kazi asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu asilimia 39.5, na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5. Hilo ni jema, na ni zaidi ya chochote kaseti iliyonakiliwa ilichowahi kumpa msanii. Lakini sheria imegawa pato bila kuligusa umbo. Mgawo wa asilimia 52 unamfaa mwenye kazi inayoweza kukaa ndani ya sekunde 30. Anayetunga kwa dakika 25 hana asilimia ya kudai, kwa kuwa hana kazi ya kuuza humo.

Hukumu yangu ni kwamba kaseti ilikuwa chombo bora kwa ushairi wa eneo hili kuliko chochote ambacho kampuni imetuletea baadaye, na ubora wake haukutokana na ukarimu wa Philips. Ulitokana na kutopatana kwa matakwa mawili ya kampuni moja, likabaki tundu ambalo watu walipitishia sanaa yao. Chombo kinachostahili kusifiwa sasa kitakuwa kile kitakachomlipa mtunzi na bado kumruhusu msikilizaji ajibu. Sijakiona bado sokoni.

Kwa wakati huu, kaseti zenyewe zinakufa. Utepe unagandana kwa joto, unakatika, unashika ukungu mto unapofurika. Hargeisa wamefanya kitu: kituo chao cha utamaduni kimekusanya kaseti zaidi ya 10,000, na mwaka 2017 kampuni ya Ostinato Records ilitoa mkusanyo wa nyimbo kutoka hazina hiyo, Sweet as Broken Dates, ulioteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Upande wa Kenya tuna Chuo Kikuu cha Garissa na tuna Idara ya Nyaraka za Kitaifa. Wakusanye za Kotile, Masalani, Bura na Garissa mjini wakati waliozirekodi bado wako hai kuzitaja. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna kaseti yenye sauti ya mtu anayeghani, inakili kwenye simu wiki hii, uandike jina la mtunzi na la aliyeirekodi, kisha umpe mwingine nakala.